Mgonjwa wa Hospisi Naye Ahitaji Damu

Neno hospisi huwatia watu wengi baridi. Hapa kwetu Meru ukisema kwamba mzee fulani anatibiwa na hospisi, watu huinamisha vichwa na kunyamaza, kana kwamba umetangaza matanga. Wengine huuliza kwa sauti ya chini, "Kwani ameshindikana?" Na wakishajibiwa, basi, hawana swali tena. Mimi ninalo. Nataka nieleze jambo ambalo halisemwi sana, si barazani wala darasani: kwamba mgonjwa wa kansa ya damu aliye mikononi mwa hospisi angali anahitaji kuongezwa damu, tena mara kwa mara, na kwamba kuipata damu hiyo ni taabu tupu. Halafu nitaeleza jinsi jambo hili linavyotuhusu sisi wanafunzi wa shule za kutwa.

Kwanza tuelewane kuhusu damu yenyewe. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho, ile nyama laini ambayo mbwa huitafuta anapovunja mfupa kwa meno. Humo hutoka chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani ambazo kazi yake ni kugandisha damu mtu anapojikata. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Chembe sahani huishi siku 8 hadi 10 tu. Kwa hiyo kiwanda hicho hakina Jumapili wala Krismasi. Kikisimama wiki moja tu, mwenyewe ataona.

Kansa ya damu ni uasi ndani ya kiwanda hicho. Katika lukemia, chembe nyeupe changa zisizo na faida huzaana ovyo hadi zikajaza uboho na kuzikosesha zile nyingine nafasi. Limfoma hushika tezi. Mayeloma huanzia ndani ya uboho na kuitoboa mifupa, na maumivu yake hayasimuliki. Na tusidanganyane kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Limfoma moja inayowashika watoto taya hadi uso ukavimba ilielezwa hapa hapa Afrika Mashariki na daktari Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliyechapisha habari zake mwaka wa 1958. Mpaka leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake.

Sasa uboho ukishindwa, mgonjwa hupungukiwa na chembe nyekundu. Madaktari hupima kitu kiitwacho himoglobini. Mtu mzima mwenye afya huwa na 12 au zaidi. Ikishuka hadi 5 au 6, mtu hutweta akitoka kitandani kwenda mlangoni, moyo humpiga kama ngoma, kichwa humuuma, na hata kula kunamchosha. Zikipungua chembe sahani, damu humtoka puani na kwenye fizi bila kupigwa na mtu. Dawa ya kumrudishia nguvu mtu huyo upesi ni moja tu, nayo haiuzwi katika duka la dawa. Ni damu ya mtu mwingine.

Hospisi inaingia wapi? Hospisi ya namna tunayoijua siku hizi ilianzia London mwaka wa 1967, pale daktari Cicely Saunders alipofungua St Christopher's. Nia yake ilikuwa kwamba mgonjwa asiyeweza kuponywa asiachwe alie peke yake eti kwa sababu dawa zimekwisha. Wazo hilo likafika kwetu: Nairobi Hospice ilianza mwaka wa 1990, na mwaka wa 1993 daktari Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa kule Uganda. Meru nayo ina hospisi yake, na kule Maua hospitali ya Kimethodisti ina huduma ya namna hiyo. Watu wengi hapa huihusisha hospisi na kansa ya koo, kwa kuwa kansa hiyo imewaua wengi mno katika sehemu hizi. Wagonjwa wa kansa ya damu ni wachache, na labda ndiyo sababu shida yao haijulikani.

Hospisi zetu nyingi si majumba ya vitanda kama zile za Uingereza. Mgonjwa huja mchana akarudi kwake jioni, au muuguzi humfuata nyumbani, hata kama ni juu mlimani kwenye tope. Humpa morfini ya maji katika chupa, akamfundisha mke au binti kuipima, akaangalia vidonda, akaongea na jamaa. Ni kazi nzuri sana. Lakini ona fundo lilipo: morfini inaweza kwenda nyumbani ndani ya chupa, damu haiwezi.

Damu ni kitu chenye masharti kuliko bibi harusi. Mfuko wake hukaa katika friji yenye baridi ya digrii 2 hadi 6. Kabla ya kumtilia mgonjwa, maabara huchukua damu yake kidogo na kuipima pamoja na ile ya mfukoni kuona kama zinapatana, maana damu ya kundi lisilomfaa inaweza kumuua. (Makundi hayo yaligunduliwa na Karl Landsteiner huko Vienna, akatangaza habari zake mwaka wa 1901. Kabla ya hapo, kumtilia mtu damu ilikuwa kama kucheza kamari.) Mfuko ukishatoka katika friji, damu inapaswa kuanza kutiririka ndani ya nusu saa na kwisha kabla ya saa nne kupita. Dakika 15 za kwanza muuguzi hakai mbali, kwani mgonjwa anaweza kupatwa na homa, vipele au kukosa pumzi. Mzee mwenye moyo dhaifu akitiliwa haraka, maji humjaa mapafuni. Mambo hayo yote yanataka wadi, maabara na friji isiyozimika stima zikipotea. Hospisi yenye chumba kimoja na wauguzi wachache haiwezi. Kwa hiyo mgonjwa ambaye alikwisha kuambiwa, "Mzee, rudi nyumbani upumzike, sisi tutakuja kwako," inambidi arudi tena katika foleni ya hospitali.

Nalijua jambo hili kwa sababu ya mjomba wangu. Alikaa upande wa Tigania, alikuwa na mayeloma, na alipogunduliwa ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali. Muuguzi wa hospisi alikuwa akija, na kwa kweli maumivu yalitulia. Kilichomsumbua mjomba mwishoni hakikuwa mifupa. Kilikuwa ni kuishiwa na nguvu. Alikuwa hawezi kumaliza sentensi moja bila kupumzika, naye alikuwa mtu wa maneno mengi!

Mara ya kwanza alipoongezwa damu, mifuko miwili, alirudi nyumbani mtu mwingine. Sisemi alipona. Lakini aliketi nje barazani, akaagiza chai, akawaita wanawe watatu ambao walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya shamba. Kwa muda wa wiki mbili aliwatembeza kwa maneno kutoka mpaka mmoja hadi mwingine: huu mti ni wa nani, ule mfereji unaishia wapi, nani ana deni la nani. Mama yangu, ambaye ni dada yake, alikuwa akiandika. Yale makaratasi yako kwetu mpaka leo. Mfuko mmoja huongeza himoglobini kwa kiasi cha 1 hivi, na faida yake huisha baada ya wiki chache. Nikisikia watu wakiuliza wiki chache zina faida gani kwa mtu anayekufa, mimi huyakumbuka makaratasi hayo.

Mara ya pili kulikuwa na kazi kidogo. Mara ya tatu ilikuwa Desemba. Walikodi gari, wakamlaza kiti cha nyuma, wakafika hospitali moja ambayo sitaitaja kwa jina. Wakangoja tangu asubuhi. Saa tisa wakaambiwa, "Mama, damu hakuna. Leteni watu wawili wa kutoa, ndipo tuangalie." Mama akatoa. Binamu yangu mmoja akapimwa akakutwa damu yake haitoshi. Wengine walikuwa mbali. Yule muuguzi hakuwa mtu mbaya, alisema tu ukweli wa friji yake: mifuko iliyobaki ilikuwa imewekwa kwa ajili ya akina mama wanaojifungua na watu wa ajali. Jamaa zangu wakamrudisha mjomba vile vile alivyokuja.

Jamaa kuombwa damu ni desturi ya siku nyingi katika hospitali zetu, na juu juu inaonekana ni haki: umechukua, rudisha. Lakini mgonjwa wa kansa ya damu huchukua tena na tena. Mwezi wa kwanza ndugu watakuja, wa pili majirani watakuja, na wa tatu utaanza kusikia, "Nilikuwa nimesafiri." Damu ni nzito kuliko maji, ndiyo, lakini mtu akishatoa inambidi akae angalau miezi mitatu kabla ya kutoa tena, na wasichana hushauriwa wangoje zaidi. Ukoo wowote utakwisha.

Taabu hii haiko kwetu tu. Marekani, nchi yenye damu nyingi katika friji, wagonjwa wa kansa ya damu huingia hospisi kwa kuchelewa kuliko wagonjwa wa kansa nyingine. Sababu moja ni hesabu. Bima ya serikali kwa wazee, iitwayo Medicare, ilianza kuzilipa hospisi mwaka wa 1983, nayo huzilipa kiasi maalumu kwa kila siku ya mgonjwa. Kuongezwa damu kunagharimu kuliko kiasi hicho, basi hospisi nyingi hukataa. Mgonjwa huambiwa achague: damu au hospisi. Wengi huchagua damu na kufia hospitalini bila ile faraja ya nyumbani. Kwao kinachokosekana ni malipo, kwetu ni damu yenyewe, lakini anayeumia ni yule yule.

Kwa nini damu haitoshi kwetu? Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Zamani kila hospitali ilijitafutia damu yake. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, zaidi ya watu 200 waliuawa na maelfu kujeruhiwa, na wananchi walipanga foleni kutoa damu. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba nchi nzima haikuwa na mpango wa damu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada mkubwa wa Marekani, huduma ya taifa ya damu ikaanzishwa. Vituo vikuu vya kanda vikawekwa Nairobi, Mombasa, Nakuru, Eldoret, Kisumu na Embu, na vituo vidogo katika miji mingine, Meru ikiwamo. Damu ya huku ilikuwa ikipelekwa Embu, safari ya zaidi ya kilomita 100, ipimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende ndipo itumike. Msaada huo ulipokoma mwaka wa 2019, huduma iliyumba. Mifuko ya kutilia damu ilikosekana, dawa za kupimia zilikosekana. Mwaka wa 2020 korona ikafunga shule, hali ikawa mbaya zaidi.

Je, umeuona huo mstari wa mwisho? Shule zilifungwa, na damu ikapungua. Si bahati mbaya. Tangu huduma hiyo ianze, sehemu kubwa sana ya damu inayotolewa kwa hiari nchini Kenya imetoka kwa wanafunzi wa sekondari. Ndiyo, sisi! Sisi tunaochapwa na jua uwanjani siku ya gwaride. Gari la damu huja shuleni, watu wenye umri wa miaka 16 na zaidi na uzito wa kilo 50 hupanga mstari, na kwa siku moja mifuko mingi hujaa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza nchi ikusanye damu kutoka kwa angalau mtu mmoja katika kila watu mia. Kenya haijafika hapo, na hata hapo ilipofika imebebwa na watoto wa shule.

Sasa tufanye hesabu ndogo, na walimu wa Hisabati wanisamehe kwa kuingia shambani mwao. Damu nzima katika mfuko wa kawaida hukaa siku 35, kisha hutupwa. Chembe sahani zikitengwa hukaa siku 5 tu. Muhula wa tatu huisha karibu na mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba. Damu iliyotolewa shuleni tarehe 25 Oktoba itaharibika tarehe 29 Novemba. Shule hufunguliwa Januari. Katikati hapo kuna wiki tano au zaidi ambazo friji haina damu ya wanafunzi hata tone, na ndizo wiki za Krismasi, barabara imejaa magari na ajali. Mgonjwa wa hospisi akija Desemba anamkuta majeruhi wa ajali amekwisha kutangulia. Mjomba wangu alikuja Desemba.

Wako watakaosema, na mwanafunzi mmoja wa darasa letu alisema waziwazi, kwamba kama damu ni haba, apewe mama anayejifungua ambaye ataishi, si mzee ambaye atakufa. Sikubishana naye, kwa maana mama huyo akikosa damu saa hii, saa ijayo hayuko. Atangulie. Lakini ombi la mgonjwa wa hospisi ni la namna nyingine. Ajali haina tarehe, yeye anayo. Muuguzi wake anaweza kusema leo kwamba baada ya wiki tatu mzee huyu atahitaji mifuko miwili ya kundi fulani. Hakuna mgonjwa mwingine anayeweza kupangiwa vizuri hivyo! Hashindani na mama yule kama mtu fulani amekwisha kupangwa kutoa wiki hiyo. Na iko siku damu yenyewe haitamsaidia tena, mwili umechoka, safari ya gari inamuumiza kuliko faida anayoipata. Siku hiyo daktari na jamaa hukubaliana kuacha. Kuacha kwa namna hiyo ni tofauti na kuachishwa na friji tupu.

Ndipo tunapoingia sisi wa shule za kutwa. Wenzetu wa bweni shule ikifungwa hutawanyika: huyu Isiolo, huyu Nairobi, huyu Chuka. Sisi tuko papa hapa. Desemba yote tuko mjini na vijijini karibu na mji, tukichunga ng'ombe, tukichuma kahawa, wengine wakizurura tu sokoni Gakoromone. Kituo cha damu hakiko mbali. Hatuhitaji kungoja gari lije na spika na bendera.

Nimewauliza wenzangu kwa nini hawatoi. Majibu ni yale yale. Mmoja anasema damu itauzwa. Damu ya taifa haiuzwi kwa mgonjwa, ingawa hospitali inaweza kutoza kazi ya kupima, na nakubali kwamba mzazi anayelipa pesa hizo haioni tofauti. Mwingine anaogopa kupungukiwa. Mfuko mmoja ni kiasi cha mililita 450, na mtu mzima ana lita 5 hivi. Maji yake hurudi kwa siku moja au mbili, chembe zenyewe kwa wiki kadhaa. Wa tatu, na huyu husema kwa kunong'ona, anaogopa majibu ya Ukimwi. Hofu hii siwezi kuicheka. Damu hupimwa kweli, na majibu ni siri yake mwenyewe na kituo. Anayejua ana sababu ya kuogopa, heri aende akapimwe na mshauri kwanza, wala asitumie mfuko wa damu kujipima.

Kazi yenyewe ni fupi. Utaulizwa maswali, mengine ya aibu kidogo, yajibu kweli. Utapimwa uzito, shinikizo la damu, na tone moja la kidole kuona kama wewe mwenyewe unayo ya kutosha. Baadhi ya wasichana hurudishwa hapo, si kosa lao. Ukilala, sindano inauma kama mwiba wa mchongoma, kisha humalizika kwa dakika 10 hivi. Unapewa soda na biskuti. Usiende njaa, na usicheze mpira siku hiyo. Na mzazi ajue kabla. Mama wa rafiki yangu alikuja shuleni na fimbo.

Katibu wa chama chetu cha Kiswahili ana daftari la kurasa 48 lenye jalada la buluu. Ndani yake kuna wiki tano: kuanzia wiki ya mwisho ya Novemba hadi wiki ya Mwaka Mpya. Kila wiki ina mistari sita. Anayetaka kuandikisha jina amwone wakati wa mapumziko ya saa nne, aseme umri wake, uzito wake, na kundi lake la damu kama analijua. Wiki ya kwanza na ya pili zimejaa. Wiki ya Krismasi ina majina mawili, langu na la mwalimu wa Jiografia.